Kesi Inayofia Mlangoni

Baba yangu mdogo amezikwa kijijini kwao Kilosa, lakini maisha yake yote ya utu uzima aliishi Tabata, Dar es Salaam. Alikuwa mtumishi wa serikali, alifunga ndoa kanisani, na kijijini alionekana Krismasi na kwenye misiba. Alipofariki, ndugu walifanya kilichokuwa rahisi. Wakiwa bado matangani walikaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari, wakaupeleka Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani na makaburi. Msimamizi wa mirathi akateuliwa, nyumba ya Tabata ikauzwa, watoto wa marehemu mke wake wa kwanza wakaja juu. Shauri likapanda wilayani, likapanda Mahakama Kuu. Mwaka wa sita, jaji akauliza jambo ambalo hakuna hakimu wala wakili aliyekuwa ameliuliza: marehemu alikuwa akiishi wapi, na mirathi yake ilipaswa kufuata sheria gani?

Baada ya swali hilo hakikubaki kitu. Sheria inaipa Mahakama ya Mwanzo mirathi zinazofuata sheria za kimila au za Kiislamu, tena marehemu awe alikuwa na makazi ndani ya eneo la mahakama hiyo. Kaburi si makazi. Mwenendo wote ukafutwa, uteuzi wa msimamizi ukafutwa, na aliyenunua nyumba akabaki ameshika mkataba uliosainiwa na mtu ambaye kisheria hakuwahi kuwa na cha kuuza. Shangazi aliuliza kitu ambacho mpaka leo sijaweza kumjibu vizuri: "Sasa wale waliokuwa wanapokea ada miaka yote hiyo hawakujua?"

Mawakili wana jibu lao, nalo si baya. Mamlaka ya mahakama hutoka kwenye Katiba na sheria, hayatoki kwa wadaawa. Ukoo mzima ungekubaliana kwa kauli moja kwamba mirathi isikilizwe Kilosa, bado makubaliano yao yasingeiongezea mahakama ile chochote. Mahakama za Kadhi nchini Kenya huonekana kama zinavunja kanuni hiyo, maana huko sharti wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda mbele ya Kadhi. Lakini hata hapo ridhaa ina nguvu kwa sababu Katiba yenyewe imeitaka. Mwaka 1989, katika kesi ya meli ya Lillian S, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema mamlaka ndiyo kila kitu, na kwamba bila mamlaka mahakama haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Tangu siku hiyo maneno hayo yamenukuliwa Nairobi mpaka yamekuwa kama salamu ya mawakili. Tanzania nako Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hakimu ajiridhishe na mamlaka yake kabla hajaanza kusikiliza.

Sibishani na kanuni hiyo. Hakimu asiye na mipaka ni mtemi. Ninachobishania ni mambo mawili. La kwanza ni wakati wa kuuliza. Sheria inaruhusu swali la mamlaka liibuliwe hatua yoyote, hata kwenye rufaa ya pili, hata na jaji mwenyewe bila kuombwa. Swali lisilozeeka namna hiyo linakuwa zawadi kwa mwenye subira na pesa: anaweza kuliweka mfukoni, akapigana kesi yote, na akishindwa alitoe. Sheria ya Ukomo, ile inayoweka mwisho wa muda wa kufungua kesi, humrudishia mdai wa nia njema muda alioupoteza katika mahakama isiyo sahihi. Nauli, ada ya wakili na miaka sita ya ndugu kutosalimiana havirudishwi na sheria yoyote.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Mahakama ikisema "siyo hapa", je, inajua ni wapi? Kwa mirathi ya baba mdogo jibu lilikuwepo: nenda Dar es Salaam, fungua upya. Liliuma, lakini mlango ulikuwepo. Kesi zinazovuka mpaka ndiko ambako "siyo hapa" mara nyingi humaanisha "siyo popote".

Chukua kesi za Nairobi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mei 2022, kijana kutoka Afrika Kusini aliyekuwa ameajiriwa Nairobi kuchuja picha na video za kutisha kabla hazijawafikia watumiaji alifungua shauri katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Alimshtaki mwajiri wake wa karibu, kampuni ya Sama, na pia Meta yenyewe. Mwaka uliofuata wenzake wapatao 185 wakafungua shauri lao. Meta haikuanza kwa kujibu kama kazi ile iliwaharibu watu akili au la. Ilisema: sisi hatukusajiliwa Kenya, hatufanyi biashara Kenya, mahakama hii haina mamlaka juu yetu.

Kwa fikra za karne iliyopita hoja hiyo ina mantiki. Mahakama ilikuwa na nguvu juu ya mtu aliyepo na mali iliyopo. Kampuni isiyo na ofisi wala kiti nchini ungeikamatia wapi? Lakini kazi ilifanyika Nairobi, wafanyakazi walikaa Nairobi, na kama kuna aliyeumia aliumia Nairobi. Februari 2023 mahakama ikakataa kuiondoa Meta kwenye kesi. Meta ikakata rufaa, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema mashauri yaendelee. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka miwili ilikwenda kwenye swali la mlango tu, na hakuna aliyekuwa amekwisha kuambiwa nani mkosaji. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi, ikakubali kusikiliza madai ya Waethiopia wanaosema machapisho ya chuki yaliyoachwa Facebook wakati wa vita vya Tigray yaligharimu maisha ya watu. Tukio limetokea Ethiopia, kampuni ni ya Marekani, na kesi iko Kenya.

Wapo wanaosema huo ni uroho wa mamlaka. Mimi naona Nairobi ilifanya hesabu sahihi. Mwenye biashara aliyechagua kuchujia maudhui ya nchi nyingi katika jengo moja la Nairobi, kwa sababu mishahara ya huko ni midogo, hawezi kusema kwamba Nairobi ni karibu pa kutosha kwa kazi lakini ni mbali mno kwa kesi.

Mahakama za upande wa pili wa bahari hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. London, Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wanakijiji 1,826 wa eneo la Chingola, Zambia, waliosema mgodi wa shaba umechafua maji yao. Kampuni mama ilikuwa Vedanta, makao yake Uingereza. Majaji walikiri wazi kwamba kwa kawaida kesi ile ilifaa kusikilizwa Zambia: maji yako Zambia, mashahidi wako Zambia, sheria ni ya Zambia. Kisha wakauliza lile swali la pili. Wanakijiji hawa maskini watapata wakili gani huko wa kubeba kesi kubwa namna hii, wakati sheria ya Zambia hairuhusu wakili kulipwa kwa sharti la kushinda? Walipoona hakuna, wakaacha mlango wa London wazi. Januari 2021 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama.

Sasa linganisha na Toronto. Mwaka 2022 Watanzania kutoka vijiji vinavyozunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tarime, waliishtaki kampuni ya Barrick Gold huko Ontario, wakidai kwamba polisi wanaolinda mgodi wameua na kujeruhi watu. Kampuni ilikana kuwajibika. Si mara ya kwanza kwa Wanatarime kwenda ughaibuni: mwaka 2013 wengine waliishtaki London kampuni iliyokuwa ikiitwa African Barrick Gold, na mwaka 2015 wakamalizana nayo nje ya mahakama. Toronto hali ikawa tofauti. Novemba 2024 jaji aliona uhusiano wa madai yale na Ontario hautoshi, na kwamba hata kama ungetosha, Tanzania ndiyo mahali panapofaa zaidi.

Naielewa hukumu ile, na kuna sehemu ya moyo wangu wa Kitanzania inayofurahi kusikia jaji wa Canada akisema mahakama zetu zinaweza. Lakini nikivua koti la uzalendo, nauliza: zinaweza kumfanya nani nini? Kampuni mama haipo Tarime. Askari polisi wapo, ila ukitaka kuishtaki Serikali kwa makosa yao unatoa kwanza notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unakwenda Mahakama Kuu. Mjane wa Nyamongo, jirani na mgodi huo, anaweza kuyafanya yote hayo. Akifika mwisho atakuwa na kesi dhidi ya Serikali yake, wala si kesi dhidi ya kampuni iliyopata faida. Ni kesi tofauti kabisa. Kusema "nenda kwenu" kunahamisha mahali, na kimyakimya kunambadilisha mdaiwa pia.

Basi mtu huyo akikwama nyumbani atauliza: si Arusha kuna mahakama mbili za kimataifa? Zipo. Na hapo ndipo hadithi ya mamlaka inapokuwa chungu kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu mipaka ya mahakama hizo huchorwa na wale wale wanaoshtakiwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imo Arusha tangu mwaka 2007. Mwananchi anaweza kuishtaki nchi yake moja kwa moja iwapo tu nchi hiyo imeweka tamko maalumu la kukubali. Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, Desemba 2009, ilikuwa ya kusema haina mamlaka: raia mmoja wa Chad alitaka kuizuia Senegal isimfungulie mashtaka Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, na Senegal haikuwa na tamko. Tanzania ilitoa tamko lake mwaka 2010, na ikaja kuwa nchi iliyoshtakiwa mara nyingi kuliko zote. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alishinda hapo mwaka 2013 kuhusu mgombea binafsi. Novemba 2019 Serikali ikafuta tamko, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango ukafungwa kwa mashauri mapya ya wananchi. Mahakama imo mjini mwetu, lakini Mtanzania akipita mbele yake leo na malalamiko mkononi ni mtalii kama watalii wengine. Rwanda ilikuwa imeshajitoa mapema zaidi, mwaka 2016. Katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni hizo mbili tu zilizowahi kutoa tamko, na zote mbili zimelifuta.

Inabaki Mahakama ya Afrika Mashariki. Hii nayo ina historia inayofaa kusimuliwa taratibu. Novemba 2006, katika shauri lililoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o, iliwazuia wabunge tisa wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki kwa sababu ya namna walivyopatikana. Wakuu wa nchi hawakukata rufaa; waliubadilisha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliounda mahakama hiyo. Haukupita hata mwezi mmoja mabadiliko yakawa yamesainiwa. Mahakama ikagawanywa ngazi mbili, ikaongezwa njia ya kuwaondoa majaji, na ikawekwa kamba shingoni mwa mwananchi: lete malalamiko ndani ya miezi miwili tangu tendo litendeke au tangu ulijue.

Miezi miwili! Kijiji kinahitaji muda mrefu kuliko huo kuchangishana nauli ya wakili. Kamba hiyo imenyonga mashauri mengi. Madai ya mauaji na mateso ya Mlima Elgon, Kenya, yalipokelewa na ngazi ya kwanza mwaka 2011, kisha mwaka 2012 ngazi ya rufaa ikayatupa, ikisema Mkataba hautambui kosa linaloendelea. Novemba 2023 shauri la kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga likaanguka kwa sababu hiyo hiyo: mkataba wa Uganda na Tanzania ulisainiwa Mei 2017, na waleta shauri walifika Novemba 2020. Bomba lenyewe lilikuwa halijaanza kupitisha tone la mafuta, lakini kwa mahakama walikuwa wamechelewa miaka mitatu.

Haki itendwe: majaji wa Arusha wamejaribu kupenya. Mkataba hauwapi mamlaka ya haki za binadamu mpaka nchi wanachama zisaini itifaki maalumu. Mwaka 2007, katika kesi ya Katabazi, watuhumiwa wa uhaini waliokuwa wamepewa dhamana Kampala walizingirwa na askari wenye silaha ndani ya eneo la mahakama na kurudishwa gerezani. Arusha ilisema haitajipa mamlaka ambayo haina, lakini pia haitakimbia kazi yake ya kuutafsiri Mkataba eti kwa sababu shauri limetaja haki za binadamu. Utawala wa sheria umo ndani ya Mkataba. Anayeuvunja amevunja Mkataba. Ni ujanja wa kisheria, na ni ujanja mzuri.

Ujanja huo ndio uliozaa ugomvi mkubwa zaidi. Martha Karua, mwanasiasa wa Kenya, alipinga matokeo ya ugavana wa Kirinyaga ya mwaka 2017. Mahakama Kuu ikatupa shauri kwa kasoro za kiufundi, Mahakama ya Rufaa ikalirudisha, likasikilizwa, na lilipofika Mahakama ya Juu akaambiwa miezi sita ya kisheria ya kuamua shauri la uchaguzi ilikuwa imepita, hivyo kilichofanyika baada yake kilikosa mamlaka. Yaani mlalamikaji alibebeshwa mzigo wa kosa la mahakama, kama shangazi yangu. Akaenda Arusha, na Novemba 2020 akashinda: Kenya ilikuwa imekiuka Mkataba kwa kumnyima nafasi ya kusikilizwa, na alipwe dola 25,000. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikatoa maoni ya ushauri kwa ombi la Mwanasheria Mkuu: Arusha si mahakama ya rufaa juu yake.

Mimi nipo upande wa Arusha, ingawa kwa shingo upande. Ni kweli haiwezi kutengua hukumu ya Nairobi, na haikuitengua. Karua hakupewa ugavana. Ilichosema ni kwamba mahakama ya taifa ni kiungo cha dola, na dola ikikosea kupitia jaji imekosea sawasawa na ikikosea kupitia waziri. Shida yangu ni kwamba mstari kati ya kuihukumu nchi na kukagua hukumu ni mwembamba, na majaji wa Arusha hawajauchora kwa wino unaosomeka. Kila wanapoingia ndani ya hoja za hukumu ya taifa, wanazipa nchi sababu nyingine ya kuurudia Mkataba na mkasi.

Na wakati mahakama zinagombana nani aishie wapi, mpaka wenyewe huvukwa usiku. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitoweka Nairobi tarehe 16 Novemba 2024. Siku nne baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala. Hakuna hakimu wa Kenya aliyesikiliza maombi ya kumhamisha. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua mahakama za kijeshi zisihukumu raia, kesi yake ikahamia mahakama ya kiraia, na kufikia Juni Bunge na Rais wakawa wamepitisha sheria ya kuzirudishia mahakama za kijeshi baadhi ya mamlaka hayo. Wanigeria walikwisha kupambana na swali la mtu aliyenyakuliwa kutoka Kenya, kwa kesi ya Nnamdi Kanu, kiongozi wa wanaotaka Biafra ijitenge: mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa yao ikasema mtuhumiwa aliyeletwa kinyume cha sheria hawezi kuhukumiwa, na Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema anaweza. Mpaka unaomzuia mjane wa Tarime hauzuii gari lisilo na namba.

Nimalizie na upande ambao hauandikwi sana, wa kukaza hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa. Unaweza kupata mahakama yenye mamlaka, ukashinda, na bado ukawa umeshinda karatasi. Kenya ina orodha ya nchi ambazo hukumu zake hupokelewa na kusajiliwa Nairobi: Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Shelisheli, Australia na Uingereza. Kongo haimo, ingawa malori yanapita kila siku kutoka Mombasa kwenda huko. Nchi za Ghuba hazimo. Binti wa Kilifi aliyefanya kazi za ndani Riyadh bila mshahara anaweza kushinda Mombasa asubuhi, na mchana hukumu hiyo ikawa haina meno juu ya tajiri wake.

Waliotunga Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 walilijua hilo. Waliweka sharti kwamba mwajiri asiyeishi wala kufanya biashara Kenya aweke dhamana, na mdhamini awe mkazi wa Kenya. Kwa hiyo wakili anayejua kazi yake hapotezi muda kuandika hati ya kuitwa shaurini iende Riyadh. Anatafuta kwanza mkataba, anaangalia ukurasa wa mwisho jina la wakala na la mdhamini, kisha anamtuma karani wake Nairobi akaone kama ofisi bado iko pale pale na kama ndani yake kuna kitu cha kukamata.